Pampu ya petroli na mipira yake kwa Beetle yenye injini ya Subaru: nilichonunua na nilichokiacha kaunta

Nianze na hukumu, wenye haraka wapate kwenda zao. Ukiitia Volkswagen yako injini ya Subaru isiyo na turbo, usinunue pampu kubwa. Tafuta pampu ya nje ya Bosch, ya aina ile iliyofungwa kwenye Kombi za kizazi cha tatu, T3, za injeksheni (zinazopuliziwa mafuta kwa presha, bila kabureta), uiweke mbele chini ya tanki, na pesa itakayobaki uitie kwenye mipira, klipu na bomba la kurudishia mafuta. Pampu naipa nyota nne kwa tano. Mpira wenye chapa ya SAE 30R9 naupa tano. Kile kipampu kinachong'aa kama bangili, kinachouzwa kwenye boksi lisilo na jina, sina nyota ya kukipa.

Gari lenyewe ni Beetle 1300 ya 1971, linalala Kisauni na linakula chumvi ya bahari kila usiku. Injini ni EJ20 ya Subaru, ya kawaida isiyo na turbo, iliyoshuka bandarini ndani ya kontena pamoja na waya zake na kompyuta yake. Wapenzi wa Volkswagen hapa Mombasa wamegawanyika juu yangu, na wako wanaoniambia waziwazi kwamba nimelitia gari najisi. Mimi huwajibu kwa Safari Rally. Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Subaru ikashinda 1997 kwa mkono wa Colin McRae na 2000 kwa mkono wa Richard Burns. Zote ni mabingwa wa vumbi letu, na injini zote mbili zina silinda nne zilizolala chali, mbili kushoto na mbili kulia. Mahari yao yanalingana, ndoa ifungwe. Habari ya rejeta na ile sahani ya kuunganishia injini na giaboksi nitaiandika siku nyingine. Leo ni mafuta tu.

Pampu ya asili ya Beetle imekaa juu ya injini, inasukumwa na kijiti kutoka chini, ina ngozi ndani inayopanda na kushuka. Presha yake ni kama bar 0.2, inayotosha kuijaza kabureta na kunyamaza. Reli ya mafuta ya Subaru, lile bomba linalozigawia injekta petroli, inataka bar 3, yaani psi 43 hivi, ukiwa umechomoa kile kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta, kidhibiti cha presha. Ni mara kumi na tano. Maana yake si kwamba unabadilisha pampu peke yake. Kila kitu kilichoguswa na petroli kutoka tanki hadi injini, kilichokuwa kinatosha jana, leo kinahitaji kuulizwa upya: mpira, kifunga mpira, filta, bomba la chuma, hata waya wa umeme.

Duka la kwanza la spea nililoingia, aliyekuwa kaunta aliniuliza, "Dada, mzee amekutuma ya Subaru au ya Volkswagen?"

"Sijatumwa. Gari ni langu. Nataka pampu ya nje, ya bar tatu."

Akanitazama kidogo, kisha akamwita kijana wa stoo alete pampu za chapa ya Walbro. Zikaja mbili, kutoka rafu moja. Boksi moja herufi zake zilikuwa nyembamba, jingine nene. Pampu moja nzito mkononi, nyingine nyepesi, na lebo yake imeanza kubanduka pembeni. Nikauliza ipi ni orijino.

"Zote orijino, dada. Hii orijino ya Marekani, hii orijino ya Dubai."

Nilicheka, na yeye akacheka. Lakini hapo ndipo penye shida. Walbro GSL392 ya kweli ni pampu nzuri mno, inatoa lita 255 kwa saa, na ndiyo maana wanaoiga wanaiiga hiyo na si nyingine. Jamaa mmoja wa Bamburi alinunua ya kuiga, sijui wapi, ikanyamaza kimya Mazeras akiwa na watoto nyuma. Kama unaitaka hiyo, agiza kwa muuzaji anayekupa risiti yenye jina lake na atakayekubali kuipokea ikirudi. Kwa kaunta ya barabarani, mimi sithubutu.

Ila hata ya kweli singeinunua, na sababu ni hesabu ya darasa la saba. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikikanyagwa mpaka mwisho, hutumia kama gramu 230 za mafuta kwa kila nguvu ya farasi mmoja kwa saa. Yangu ina farasi 125 hivi. Hiyo ni chini kidogo ya kilo 29, na kwa kuwa lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 au karibu yake, unapata lita 39 kwa saa. Thelathini na tisa! Na hapo ni mguu ukiwa sakafuni saa nzima, jambo ambalo barabara zetu haziliruhusu na polisi hawalisamehi. Sasa hizo lita 216 nyingine zinakwenda wapi? Zinarudi tanki. Zinazunguka kutwa, zinapita karibu na injini, zinabeba joto, zinalileta kwenye tanki la lita 40 lililo mbele ya magoti yako. Kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana, tanki likiwa nusu, hicho si kitu unachokitaka.

Kuna na kubwa zaidi, ambalo sikulisikia likisemwa na fundi yeyote. Mafuta yanayorudi yanahitaji njia pana. Msuguano ndani ya bomba hauongezeki sawasawa na mtiririko: ukiongeza mtiririko mara mbili, msuguano unakaribia kuongezeka mara nne. Pampu ya lita 255 ukilinganisha na ya lita 100 inalibana bomba lilelile la kurudishia karibu mara sita. Bomba likizidiwa, regyuleta haina pa kumwagia, presha inapanda, injini inakunywa mafuta mengi kuliko kompyuta inavyodhani, na plagi zinakuwa nyeusi. Mwenye gari anabadilisha sensa moja baada ya nyingine, kumbe tatizo ni upana wa bomba na ukubwa wa pampu aliyojisifia.

Pampu ya Bosch 044 nayo niliwekewa mezani. Ni chuma cha heshima, inapenda presha kubwa, na watu wa mashindano wanaiapia. Mlango wake wa kuingilia ni uzi wa M18, wa kutokea ni M12, kwa hiyo unanunua na vichwa vya kuunganishia. Inapiga kelele inayojulikana dunia nzima, na inakula umeme. Kwa farasi 125 ni kumwajiri mpagazi wa bandari abebe kikapu cha nyanya. Niliirudisha kwa adabu.

Fundi wangu, mzee wa Changamwe ninayemheshimu kwa mengi, alikuwa na shauri lake. "Mwanangu, pampu ya Subaru si ipo? Imekuja na injini. Tuifunge nje na klipu mbili, biashara imekwisha." Sikukubali, na nilimweleza kwa nini. Pampu ile imeumbwa kuishi ndani ya tanki, imezama, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Vichwa vyake vya waya viko wazi kwa sababu ndani ya tanki lililojaa mvuke wa petroli hakuna hewa ya kutosha kuwaka. Ukiitoa nje unaiondolea maji yake ya kuoga na unauleta umeme wake mahali penye hewa tele. Kama mtu anataka kuitumia, aitengenezee kikopo chake cha chuma cha lita moja au mbili, izame humo. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi.

Basi nikachukua ile Bosch ya T3. Waliotia injini za Subaru kwenye Kombi za T3 wanajua kwamba pampu iliyokuja na Kombi yenyewe inaitosha. Mtu atasema: lakini Kombi ile ilikuwa na presha ya bar 2.5, na Subaru inataka 3. Presha haitengenezwi na pampu. Pampu inasukuma tu, regyuleta iliyo kwenye reli ya Subaru ndiyo inayoamua. Nilipoifunga nilitoa mpira wa kurudishia nikauelekeza kwenye jerikeni kwa nusu dakika, injini ikinguruma pale ilipo, mtungi wa kuzimia moto ukiwa miguuni. Ilitoa kama lita 0.8. Hiyo ni lita 96 kwa saa zinazorudi, kwa presha ya kazi. Mara mbili ya hitaji langu na zaidi. Hiyo pampu na mpira wote vilinigharimu chini ya bei ya 044 moja, na nikabaki na ya biriani.

Mahali pa kuifunga ni muhimu kuliko jina lililoandikwa juu yake. Pampu hizi zinajua kusukuma, hazijui kuvuta. Ukiiweka nyuma karibu na injini, kwa kuwa ndipo palipo na nafasi, unaifanya ivute mafuta mita tatu kupitia bomba jembamba. Petroli yenye joto ikivutwa hivyo inachemka, na pampu inabaki kutafuna mvuke. Bahati yetu wenye Beetle ni kwamba tanki liko mbele na mlango wake uko chini kabisa. Pampu yangu imekaa chini ya usawa wa tanki, mafuta yanaiteremkia yenyewe. Volkswagen wenyewe walipotia injeksheni kwenye magari yao ya injini ya nyuma, pampu waliiweka mbele. Kabla ya pampu nimeweka chujio la wavu mpana linalozuia kutu ya tanki tu, kwa sababu chujio laini upande wa kuvutia ni kama kumziba mtu pua. Lile laini, la mkebe wa chuma, liko baada ya pampu. Na tafadhali, zile filta za plastiki ya kuonyesha ndani, zinazouzwa kila kona, ni za kabureta. Psi 43 si saizi yao.

Sasa mipira, ambayo kwangu ndiyo roho ya jambo hili. Beetle nyingi zilizoungua hazikuunguzwa na injini mbovu. Ziliunguzwa na kipande cha mpira mkavu nyuma, kilichopasuka juu ya injini ya moto. Hapo presha ilikuwa bar 0.2 tu. Fikiria ufa huohuo kwa bar 3: hautatona, utapuliza.

Ukiwa dukani, usimuulize muuzaji kama mpira ni wa petroli. Ataitikia. Ugeuze usome ubavuni. SAE 30R7 ni mpira wa kabureta, na kazi yake inaishia psi 50. Subaru inataka 43. Mpira mpya ungeweza, lakini mpira hauishi mpya, na hasa hapa pwani. 30R9 ni wa injeksheni, kazi yake psi 100, na utando wake wa ndani hauachii mvuke wa petroli kirahisi, gari halinuki. Gates wanatengeneza mmoja unaoitwa Barricade unaopita hata huo, na ndio nilioupata. Mpira wa Kijerumani wenye kitambaa nje unapendeza sana kwenye gari la zamani, lakini hicho kitambaa kinaficha nyufa, nami napenda kuuona mpira wangu uchi. Kwa wanaozamisha pampu ndani ya tanki au ndani ya kikopo: R9 si wa kuzamishwa. Ngozi yake ya nje haikuumbwa kuoga petroli. Itavimba na kumeguka, na vipande vyake vitaingia kwenye pampu. Wa kuzamishwa ni 30R10, mfupi tu, na bei yake itakufanya ukae chini.

Ule mpira mweupe wa plastiki wa pikipiki sitausema. Nimeuona kwenye gari la mtu, nikahama upande wa barabara.

Mpira nimeutumia pale tu penye mtikisiko: kutoka tanki hadi pampu, na kutoka mwisho wa bomba hadi injini. Katikati ni bomba. Ndani ya lile handaki la katikati ya sakafu, Beetle imekuja na bomba lake la chuma jembamba la milimita 6. Wengi wanalikata na kulisahau. Mimi nimelifanya njia ya kurudishia. Tulilisafisha, tukalifunga ncha moja na kulitia presha ya hewa kwa ile ncha nyingine usiku kucha, halikuvuja. Na hapa ndipo pampu ndogo inapojilipa: kwa pampu ya lita 255 bomba hilo lingekuwa kizuizi, ningelazimika kupitisha mabomba mapya mawili. Kwa hii ya kwangu, moja tu lilitosha, la kwendea, milimita 8.

Hilo jipya ni la shaba iliyochanganywa na nikeli. Si shaba tupu; shaba tupu inakakamaa kwa mtikisiko mpaka inapasuka. Chuma cha kawaida nacho, kwa anayeishi Mombasa, ni kununua kutu kwa mkopo. Mchanganyiko huu ndio unaotumika kupitisha maji ya bahari ndani ya meli, na mafundi wa meli wa Mbaraki walinielewa kabla sijamaliza sentensi. Linakunjika kwa mkono, linafuata umbo la sakafu vizuri. Limepita chini, ubavuni mwa handaki, limeshikwa na vibanio vyenye mpira kila baada ya sentimita thelathini hivi, mbali na ekzosi. Kila ncha imetengenezwa kivimbe kidogo cha mviringo ili mpira ukishabanwa usichomoke. Fundi akikuambia ncha iliyokatwa tu inatosha, mwambie ashike mpira huo kwa mkono pampu ikiwashwa.

Klipu zile za kawaida zenye matobo kwenye mkanda zinaukata mpira wa injeksheni kama grata ya nazi. Zinazotakiwa ni za mkanda usiotobolewa, kingo zimekunjwa juu, skrubu na nati yake ndogo. Angalia na herufi iliyogongwa: W1 ni chuma kilichopakwa zinki, kwetu itaota kutu mapema sana. W4 ni chuma kisichoshika kutu kote, na W5 ndiyo inayoivumilia bahari. Madukani mwa spea nilikuta W1 tupu. W5 nilizipata Mtwapa, kwa watu wanaouza vifaa vya boti.

Kutoboa tanki kwa ajili ya njia ya kurudi ni kazi niliyomwachia mwenye uzoefu, na hata yeye alilijaza maji kwanza. Tanki tupu la petroli ni baya kuliko lililojaa. Mafuta yanarudi juu, mbali na mlango wa kutokea, ili mapovu yasivutwe moja kwa moja na pampu. Upande wa injini, Subaru ina vijibomba vitatu vilivyokaa pamoja: cha kuingia ndicho kipana, cha kurudi chembamba kidogo, na cha tatu ni cha mvuke. Fuatilia kwa kidole kila kimoja kinakotoka kabla hujafunga chochote.

Umeme kwa ufupi: betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, pampu iko mbele, kwa hiyo waya ni mrefu, nimetumia wa milimita 2.5 mraba, fyuzi ya ampea 15, na rile, swichi ya umeme inayoamriwa na kompyuta ya Subaru. Ukifungua swichi, kompyuta inaiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi kisha inaizima mpaka injini izunguke. Mafundi wengi wanaipuuza hiyo na kuipeleka pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Gari likigonga na mpira ukikatika, injini itazima lakini pampu itaendelea kumwaga. Nimeongeza na swichi ya mshtuko, ya Ford, inayokata umeme gari likipigwa.

Pampu haijanisumbua kwenye jua la Likoni. Mombasa hadi Nairobi, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, na ule mwinuko wote mpaka mita 1,700 ambako petroli huchemka kwa joto dogo zaidi, haikukohoa hata mara moja. Nyota moja niliyoinyima ni kwa mambo mawili. Kwanza inalia, nimeiweka juu ya vipande vya mpira lakini iko chini ya miguu ya dereva, na Subaru ni injini tulivu kuliko ile iliyoondoka, kwa hiyo unaisikia. Pili, tanki likiwa chini ya robo, kwenye kona ndefu mafuta yanakimbilia upande mmoja na gari linasita. Hilo dawa yake ni kikopo kama kile, cha lita moja, kati ya tanki na pampu. Bado sijakifunga; najaza tanki mapema.

Wenye kwenda Mtwapa kutafuta klipu: wanauza moja moja, hawakulazimishi pakiti nzima. Beba kipande cha mpira wako, kwa sababu saizi inapimwa kwa unene wa nje na si tundu la ndani. Ijumaa nenda asubuhi, mchana wamefunga.